Spishi Zilizoonekana Mara Moja

Planktoni ni jina la jumla la viumbe wa majini ambao, hata wakiwa na uwezo wa kujongea, hawawezi kushindana na mkondo, na kwa hiyo huenda popote maji yanapowapeleka. Ndani ya jina hilo moja wamo diatomu, yaani mwani wa seli moja wenye ganda la silika lililo kama kioo. Wamo kopepodi, jamaa wadogo wa kamba na kaa ambao wengi wao hawafiki milimita tano kwa urefu. Wamo mabuu ya samaki, ya chaza na ya matumbawe, ambayo huelea kwa muda tu kabla ya kuanza maisha mengine. Na wamo bakteria wasioonekana ila kwa hadubini kali. Kinachowaunganisha si ukoo bali namna ya kuishi, na ndiyo maana anayeuliza kuna spishi ngapi za planktoni katika sehemu fulani ya bahari huwa anauliza, kwa mkupuo mmoja, juu ya karibu kila tawi la uhai.

Swali hilo halina njia ya kujibiwa ila kwa sampuli, na sampuli zenyewe ni ndogo mno. Wavu uliopendekezwa na UNESCO mwaka 1968 uwe kipimo cha kawaida cha planktoni wanyama una mdomo wa robo mita ya mraba na macho ya maikromita 200, maikromita moja ikiwa sehemu moja ya elfu ya milimita. Ukizamishwa hadi kina cha mita 200 na kuvutwa wima hadi juu, huchuja mita za ujazo 50 za maji, iwapo hauzibwi njiani na vitu unavyokusanya. Tabaka hilo la mita 200 za juu, ambalo ndilo linalopata mwanga wa jua, lina takriban kilomita za ujazo milioni 70 duniani kote, na kila kilomita moja ya ujazo ni mita za ujazo bilioni moja. Katika Msafara wa Kimataifa wa Bahari ya Hindi, uliofanywa na meli za mataifa zaidi ya kumi kati ya mwaka 1959 na 1965, wavu mkubwa zaidi, wenye mdomo wa mita moja ya mraba, ulitumika kwa namna ile ile kutoka pwani ya Afrika hadi Australia, na sampuli zake zikachambuliwa katika kituo kilichoanzishwa Cochin, nchini India. Idadi ya sampuli hizo haikufika 2,000. Kwa kuwa Bahari ya Hindi ina eneo la kilomita za mraba milioni 70 hivi, kila sampuli iliwakilisha eneo kubwa kuliko mkoa mzima wa Tanga, na huo ndio uliokuwa uchunguzi mpana kuliko wote uliowahi kufanywa katika bahari hii.

Hata hivyo, udogo wa sampuli peke yake si kasoro. Tone la damu linalopimwa hospitalini ni dogo sana likilinganishwa na damu yote mwilini, lakini daktari huliamini kwa sababu damu huzunguka na kuchanganyika. Victor Hensen, mwanafiziolojia wa Chuo Kikuu cha Kiel aliyelitunga neno planktoni mwaka 1887, aliitazama bahari kwa macho hayo hayo ya kitabibu: alishikilia kwamba mahali penye hali zinazofanana viumbe wanaoelea wametawanyika kwa usawa wa kutosha, hata wavu unaovutwa mara chache uweze kusema habari za bahari nzima. Mwaka 1889 aliongoza msafara wa meli ya National katika Atlantiki ili kulithibitisha jambo hilo kwa hesabu. Mwaka uliofuata Ernst Haeckel, mtaalamu wa wanyama wa Jena ambaye tayari alikuwa ameeleza spishi zaidi ya 3,000 za radiolaria, viumbe wa seli moja wenye mifupa ya silika, kutokana na sampuli za meli ya Uingereza Challenger, alimshambulia kwa maneno makali, akidai kwamba planktoni hukaa kwa makundi makundi na kwamba kuhesabu seli moja moja ni kupoteza muda. Katika mgogoro huo kila mmoja alipatia nusu. Haeckel alikuwa sahihi kuhusu makundi, lakini aliyeiacha sayansi na njia ya kufanyia kazi ni Hensen, kwa maana bila kuhesabu hata ukubwa wa hayo makundi usingejulikana.

Makundi hayo hutokana na mambo mengi yanayofanya kazi kwa pamoja. Upepo huyapanga maji ya juu katika mistari inayokusanya povu, takataka na viumbe wanaoelea. Mikondo inapokutana hujenga mipaka ambayo upande mmoja una viumbe tele na upande wa pili umekauka. Na kopepodi wengi hushinda mchana vilindini, wakakwea juu usiku kula, kiasi kwamba wavu wa saa sita mchana na wa saa sita usiku, pale pale, huleta orodha mbili tofauti. Wavuvi wa dagaa wa pwani ya Afrika Mashariki, ambao huwasha taa katika usiku wa giza na kuacha kwenda baharini mbalamwezi inapokuwa kali, wanaijua tabia hii ya viumbe kuufuata au kuukimbia mwanga bila kuhitaji jina lake la kitaalamu. Juu ya hayo yote kuna majira: kusi huyavuruga na kuyapoza maji ya juu, kaskazi huyaacha yatulie na kupata joto, na mtafiti aliyechota maji ya mkondo wa Pemba mwezi Februari peke yake amepima bioanuwai, yaani wingi na tofauti za aina za viumbe, ya mwezi Februari, wala hana haki ya kuiita ya Pemba.

Wavu nao una upendeleo wake. Nyavu za Hensen zilishonwa kwa hariri iliyofumwa kwa ajili ya viwanda vya kusaga nafaka, ambako ilitumika kuchekechea unga, na kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba kinachopita katika hariri hiyo hakina uzito wowote katika hesabu ya bahari. Aliyeiondoa dhana hiyo ni Hans Lohmann, naye wa Kiel, aliyechunguza wanyama wadogo waitwao apendikularia, ambao kila mmoja hujijengea nyumba ya ute yenye vichujio laini kuliko kitambaa chochote kilichofumwa na binadamu. Ndani ya vichujio hivyo Lohmann alikuta seli nyingi ambazo wavu haukuwahi kuzileta juu, na mnyama mwenye umbo la kiluwiluwi akawa ameonyesha kwamba zana za wataalamu zilikuwa zikiiachia sehemu kubwa ya bahari ipite. Ugunduzi wa namna hiyo haukuishia hapo. Prochlorococcus, bakteria anayejitengenezea chakula kwa mwanga wa jua na ambaye ndiye mwenye idadi kubwa kuliko viumbe wote wa aina hiyo duniani, hakujulikana hadi katikati ya miaka ya 1980, kwa sababu upana wake ni takriban maikromita 0.6, na jicho la wavu wa mwaka 1968 ni pana kumzidi zaidi ya mara 300. Kwa hiyo kila idadi ya spishi inayotolewa bila kutajwa ukubwa wa macho ya wavu, au wa matundu ya karatasi ya kuchujia, ni idadi isiyo na maana kamili.

Tuchukulie sasa kwamba wavu umechaguliwa vyema, saa na majira vimeandikwa, na sampuli iko chini ya hadubini. Desturi iliyoenea ni kuhesabu seli 400 hivi, na desturi hiyo ina sababu: mwaka 1958 ilionyeshwa kwamba iwapo seli zimetawanyika kibahati, kosa la kawaida la hesabu ni kipeuo cha pili cha idadi iliyohesabiwa, na kwa kuwa kipeuo cha pili cha 400 ni 20, wingi wa seli hujulikana kwa kosa lisilozidi asilimia 10 katika hesabu 95 kati ya 100. Dhamana hiyo ni nzuri, ila inahusu jumla ya seli. Juu ya spishi iliyoonekana mara moja haisemi kitu, na juu ya spishi ambayo haikuonekana kabisa inanyamaza. Hapo ndipo ilipo sehemu ngumu na ya kuvutia zaidi ya somo hili, yaani jinsi ya kukadiria idadi ya vitu ambavyo hakuna aliyeviona.

Jibu la kwanza lenye nguvu lilitokana na vipepeo. Steven Corbet alikuwa amekusanya vipepeo wa Malaya, akapata spishi 620, na kati yake 118 alizipata mara moja tu, 74 mara mbili, 44 mara tatu, na kuendelea hivyo. Alimuuliza mtakwimu Ronald Fisher ni spishi ngapi mpya angezipata kama angerudi kukusanya kwa muda ule ule. Katika makala waliyoichapisha mwaka 1943 pamoja na Carrington Williams, Fisher alionyesha kwamba jibu limejificha ndani ya takwimu zile zile: iwapo spishi nyingi zimepatikana mara moja tu, ni dalili kwamba nyingine nyingi za namna hiyo zimekosekana kwa bahati. Ukichukua 118, ukatoa 74, ukaongeza 44, na kuendelea kutoa na kuongeza kwa zamu hadi hesabu ya 15, unapata spishi mpya 75 hivi. Katika miaka hiyo hiyo ya vita, Alan Turing alikuwa akifikia wazo la jamii moja na hilo alipokuwa akivunja misimbo ya jeshi la majini la Ujerumani, na I. J. Good, aliyekuwa msaidizi wake, alilichapisha mwaka 1953. Wazo lenyewe ni kwamba uwezekano wa kitu kitakachofuata kuwa cha aina mpya unakaribiana na idadi ya vitu vilivyoonekana mara moja ikigawanywa kwa jumla ya vitu vyote vilivyohesabiwa. Sehemu inayobaki, baada ya kuutoa uwezekano huo katika moja, huitwa ukamilifu wa sampuli.

Mwaka 1984 Anne Chao, mtakwimu wa Taiwan, aliifupisha mantiki hii katika fomula ambayo leo imo katika karibu kila programu ya takwimu za ikolojia. Idadi ya spishi za mara moja huzidishwa kwa yenyewe, kisha hugawanywa kwa maradufu ya idadi ya spishi za mara mbili, na kinachopatikana huongezwa kwenye spishi zilizoonekana. Kwa vipepeo wa Corbet nyongeza hiyo ni 94, hivyo jumla hufika 714. Ni muhimu kufahamu kwamba idadi hii si makadirio ya kilichopo bali ni sakafu yake: spishi haziwezi kutarajiwa kuwa pungufu ya hapo, ila zinaweza kuzidi kwa mbali. Wanaoisoma kama jibu la mwisho, nao ni wengi, huipa fomula mzigo ambao mwenyewe aliyeibuni hakuitwisha.

Ili kuona jinsi inavyofanya kazi kwa planktoni, inatosha kubuni sampuli ya mfano ya seli 400 zenye spishi 52, ambapo 18 zimeonekana mara moja na 9 mara mbili. Ukamilifu wake ni asilimia 95.5, kwa maana kwamba seli itakayofuata ina uwezekano wa asilimia 4.5 tu wa kuwa ya spishi mpya, na sakafu ya Chao ni spishi 70. Msomaji atagundua mara moja jambo linaloonekana kama kupingana: karibu seli zote zilizomo majini ni za spishi ambazo tayari zinajulikana, ilhali angalau robo ya spishi zenyewe haijulikani. Hakuna kupingana. Spishi zinazokosekana ni chache kwa seli zake ingawa ni nyingi kwa majina, na hali hiyo ndiyo sura ya kawaida ya planktoni, ambako spishi kadhaa hutawala na nyingine zote hufuata kama mkia mrefu usioonekana mwisho wake.

Usomaji wa DNA ulipoingia baharini, mkia huo ulirefuka ghafla. Badala ya kumtambua kiumbe kwa umbo, mtafiti huchuja maji, hutoa DNA yote iliyomo, na kusoma kipande kifupi cha jeni moja ambayo viumbe wote wanayo lakini kwa tofauti ndogo ndogo. Vipande vinavyofanana sana huwekwa kundi moja, na kundi huhesabiwa kana kwamba ni spishi. Jahazi la utafiti la Kifaransa Tara, lililozunguka bahari za dunia kuanzia mwaka 2009 na kupita katika Bahari ya Hindi mwaka 2010, lilikusanya maji kwa njia hiyo kwa kutenganisha viumbe kwa ukubwa wao. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 kutokana na sampuli 334 za vituo 47 yalitoa takriban makundi 110,000 ya viumbe wenye seli zenye kiini, na makadirio ya 150,000 hivi kwa tabaka la mwanga la bahari za joto na za wastani, wakati spishi za planktoni wa aina hiyo zilizokwisha kupewa majina rasmi ni 11,000 na ushei. Karibu theluthi moja ya tofauti hizo za kijenetiki haikufanana na kumbukumbu yoyote iliyokuwapo.

Idadi hizo zastahili heshima, lakini zastahili pia tahadhari, kwa sababu mashine ya kusoma DNA hukosea. Ikisoma mamilioni ya vipande na kukosea herufi chache katika baadhi yake, kila kosa huweza kuzaa kundi jipya lenye kipande kimoja tu, yaani spishi ya mara moja ambayo haikuwahi kuishi popote. Mwaka 2010 watafiti waliosoma DNA ya bakteria wa aina moja tu, E. coli, kwa mbinu zile zile zilizokuwa zikitumika baharini, walipata makundi mengi kuliko yaliyostahili kuwapo. Madhara yake kwa fomula ya Chao ni makubwa kuliko mtu anavyoweza kudhani. Katika sampuli ya mfano iliyotajwa, makosa 10 tu yanayojifanya spishi hupandisha zilizoonekana kutoka 52 hadi 62 na za mara moja kutoka 18 hadi 28, na sakafu huruka kutoka 70 hadi karibu 106. Spishi 10 za uongo zimezaa 36, kwa sababu idadi ya mara moja huzidishwa kwa yenyewe, na pamoja nayo kila uongo uliomo ndani yake. Ushahidi ambao hesabu yote inautegemea ndio ulio mwepesi kuliko wote kuchafuliwa.

Upande wa pili kuna kosa la kinyume. Jeni inayosomwa inaweza kuwa sawa kabisa kati ya spishi mbili zilizokwisha kutengana, na zote mbili zikaingia kundi moja. Umbo nalo huficha: diatomu iliyoitwa Skeletonema costatum, iliyodhaniwa kwa miaka mingi kuwa spishi moja iliyoenea karibu kila pwani, iligawanywa mwaka 2005 katika spishi kadhaa baada ya ganda lake kuchunguzwa kwa hadubini ya elektroni na DNA yake kusomwa. Aidha, seli moja ya dinoflajelati, mwani wenye mikia miwili ya kuogelea, inaweza kubeba nakala maelfu za jeni hiyo, ilhali seli ya mwani mdogo kabisa hubeba chache tu, hivyo wingi wa vipande vya DNA hauwezi kuchukuliwa kuwa wingi wa viumbe.

Kwa sababu hizi wataalamu wengi wameacha kung'ang'ania idadi moja ya spishi na kutumia mfululizo wa vipimo uliopendekezwa na Mark Hill mwaka 1973, ambao huhesabu spishi kwa kuzipa uzito kulingana na wingi wake. Seli 100 zilizogawanyika sawasawa katika spishi 10 huhesabika kuwa 10 kwa kipimo chochote cha Hill. Lakini iwapo seli 91 ni za spishi moja na spishi 9 nyingine zina seli moja moja, kipimo kisichojali wingi bado husema 10, ilhali kipimo kinachowapa uzito wenye wingi husema 1.2. Hiki cha pili hukadirika vizuri hata kwa sampuli ndogo, kwa kuwa hakitegemei mkia. Kwa maoni ya mwandishi wa sura hii, idadi kamili ya spishi ndiyo inayopendwa zaidi na magazeti na wafadhili, nayo ndiyo ambayo sampuli ndogo haina uwezo wa kuitoa.

Kulinganisha mahali pawili ni kazi inayowezekana zaidi, ila kwa masharti. Chupa iliyosomwa mara 100,000 lazima ionyeshe spishi nyingi kuliko iliyosomwa mara 10,000, hata kama maji ni yale yale. Howard Sanders alipendekeza mwaka 1968 kwamba sampuli kubwa ipunguzwe kwa hesabu hadi ilingane na ndogo, na Stuart Hurlbert akaisahihisha fomula yake mwaka 1971. Baadaye, mwaka 2012, Anne Chao na Lou Jost walionyesha kwamba ni haki zaidi kulinganisha sampuli zenye ukamilifu sawa kuliko zenye idadi sawa, kwa sababu bahari yenye spishi nyingi huhitaji jitihada kubwa zaidi ili ijulikane kwa kiwango kile kile. Anayelinganisha maji ya kusi na ya kaskazi kwa chupa zenye ujazo sawa huwa, bila kukusudia, ameyapunja yale yenye spishi nyingi.

Kuhusu namna ya kuchota, ushauri hutegemea makundi aliyoyatetea Haeckel. Chupa 12 ndogo zilizochotwa mahali na nyakati 12 huzaa elimu kubwa kuliko chupa moja yenye ujazo wa zote, kwani hapo spishi huweza kuhesabiwa kwa idadi ya chupa ilimoonekana badala ya idadi ya seli, na fomula ya Chao hufanya kazi kwa chupa kama inavyofanya kwa seli. Chupa zilizorudiwa husaidia pia kuwabaini waongo, kwa kuwa kosa la mashine ni nadra kujirudia kwa namna ile ile mara mbili. Ila maabara nyingi huchukua hatua moja zaidi na kulifuta kila kundi lililoonekana mara moja, na hapo husafisha orodha huku zikiondoa takwimu ile ile ambayo bila yake makadirio ya wasioonekana hayafanyiki; fomula ikipewa sampuli isiyo na spishi za mara moja hujibu kwamba hakuna kilichokosekana.

Njia iliyobaki ni kuirudia sampuli yenyewe, ikiwa imetunzwa. Chombo alichobuni Alister Hardy kwa ajili ya msafara wa meli Discovery wa miaka ya 1920, ambacho tangu mwaka 1931 kimekuwa kikikokotwa na meli za kawaida za biashara, huingiza maji kwa tundu la mraba lenye upana wa sentimita 1.27 na kuyachuja kwa utepe wa hariri unaojiviringisha polepole ndani yake; kila kilomita 18.5 za safari huacha juu ya hariri viumbe wa mita za ujazo tatu za maji. Tepe za miongo mingi zimehifadhiwa Plymouth, nchini Uingereza, zikiwa katika formalini, dawa inayoharibu DNA lakini isiyoimaliza, na watafiti wamefaulu kusoma DNA ya bakteria kutoka katika tepe zilizokusanywa mwishoni mwa miaka ya 1950. Spishi iliyoonekana mara moja katika chupa ya leo inaweza kutafutwa huko, katika hariri iliyopita Bahari ya Kaskazini kabla mashine ya kusoma DNA haijabuniwa.